Koti la Kufukuzia Nyani

Mama,

Mwanao Mwakio alinipigia simu Jumapili. Anasema nyani wa mlimani sasa wanakaa juu ya kaburi lako. Saruji ikishapata jua asubuhi wanakuja na mahindi yetu, wanaketi palepale, wanamenya, magunzi wanakuachia wewe. Nilicheka, Mama. Nilikuwa ndani ya basi, na nilicheka mpaka mama mmoja akahama kiti.

Hata kukuzika sikuja. Niliwaambia nyumbani kwamba kazini wamenikatalia ruhusa. Uongo mtupu, sikuomba ruhusa yoyote. Ulipokuwa hai ulikuwa ukipiga simu nasema niko kazini, na kwa kuwa hapa Edmonton, Uingereza, kazi ya kutunza wazee haiishi, uliamini. Basi leo nakuambia mwenyewe: nina hasira na wewe, na kufa kwako hakujaipunguza.

Jana nilimpeleka mjukuu wako Neema kwenye mbuga fulani, ile ya kupita na gari yako mwenyewe. Ametimiza miaka tisa na hicho ndicho alichotaka. Mwendo wa saa moja unusu, foleni, mvua, halafu getini wanakupa kikombe cha chakula cha wanyama. Nikanusa. Mahindi! Yamesagwa, yamefinyangwa vidonge. Watu wazima na akili zao wanalipa kiingilio ili wawalishe pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, mahindi. Pofu, Mama, wale waliolala kwenye shamba letu wakaliacha jeupe! Mmoja akaingiza kichwa dirishani, akamlamba Neema mkono mpaka kwenye kiwiko, na mtoto anamwita mrembo. Mrembo nini! Nilitaka kumpiga ngumi ya pua. Nikapandisha kioo, Neema akanuna.

Mbele kidogo ndiyo sehemu ya nyani. Mabango yako kila mahali: fungeni vioo, msishuke. Dume moja likaruka juu ya boneti, likang'oa waipa ya kioo, likaanza kuitafuna huku linanitazama. Lilinitazama vilevile walivyokuwa wakinitazama wa kwetu, wakijua mimi ni mtoto tu.

Sikufikiri. Nilishuka. Nikainua kola ya koti, nikatanua mabega, nikapiga lile yowe lako. Nyani mzima wa Uingereza akaruka chini, akaacha na waipa! Mlinzi wao akaja mbio na gari, akanifokea kwa kipaza sauti mbele ya watu, tukatolewa nje kabla Neema hajawaona twiga. Siku yake ya kuzaliwa. Alilia hadi kwenye maegesho.

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia nyani hawamwogopi mwanamke wala mtoto. Wanamwogopa mwanamume. Baba alipofariki ulinivika koti lake na kofia yake, ukanisimamisha upande wa juu wa shamba ili wadhani bado yupo. Nilikuwa darasa la nane. Muhula wote wa pili nilisimama pale nanuka tumbaku ya marehemu, huku Mwakio anashuka kwenda shule, kaptula imepigwa pasi. Mtihani ulipofika nilikuwa najua nyani mmoja mmoja kwa sura, hesabu sijui hata moja. Hakuna sekondari iliyonitaka. Na wewe ulisema tu, "Mahindi yamepona, mshukuru Mungu." Nimekaa na maneno hayo miaka yote, Mama. Hata makoti mpaka leo nanunua ya kiume, Neema ananicheka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilidhani mtoto atanionea huruma. Akafuta kamasi, akaniuliza kwa Kiingereza chake: na bibi alivaa nini?

Ulivaa leso. Ulisimama upande wa chini, kule mtoni, wanakoanzia kuingia, na leso yako na fimbo. Koti lilikuwa moja. Lile kovu la mkononi mwako ulituambia ni jembe, na mimi nikaamini kama mjinga. Mama, mimi naosha miili ya wazee kila siku. Jembe haliachi kovu la namna ile. Yale ni meno ya nyani. Mbona hukusema? Ulinyamaza kwa nini, ukaniacha nikuchukie miaka ishirini na saba bila kujua nusu ya habari?

Usifikiri nimekusamehe. Koti lilikuwa moja, sawa, ukanipa mimi. Shule nayo ilikuwa nafasi moja, ukampa Mwakio, na hilo silimezi. Neema hatakosa siku hata moja ya darasa, hata nyumba ikiungua.

Desemba tunakuja, mimi na yeye. Nitavaa koti. Sitasimama upande wa juu safari hii, nitasimama kule mtoni, mahali pako, na nakuahidi hakuna nyani atakayekalia kaburi lako nikiwepo. Nikishawafukuza wote nitapanda hapo juu ya saruji nikae mwenyewe, nikugombeze mpaka jua lizame, na safari hii utanisikiliza.

Lala basi hadi nifike.

Binti yako,
Wakesho