Mguu Ambao Njoki Hakuutazama

Ruring'u, Nyeri.
14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Wakiuru,

Nakusalimu wewe na mumeo Theuri, nikitumaini kwamba mu wazima huko Timau licha ya upepo wenu. Vidole vyako vimepona miiba ya waridi? Ukiendelea kuvaa glavu zilizotoboka huko shambani, usinililie vidonda. Huku kwetu baridi haijaondoka, na kuku wangu wamekataa kutaga.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema. Ulidai kwamba kwa kuwa sikuzaa, sina uchungu na mtoto wa mtu. Ulisema nimempitisha binti wa Mhindi nikaiangusha damu yangu, na kwamba kazi aliyoahidiwa binti yako Njoki katika zahanati ya Timau haitamsubiri hadi arudie mtihani. Kisha ukanitaka nimwombe Bwana Gikonyo, mkuu wa chuo, abadilishe alama. Sitamwomba. Soma hadi mwisho ndipo unikasirikie.

Unajua kwamba nilistaafu ualimu wa uuguzi, lakini chuo huniita nisaidie mitihani ya vitendo. Safari hii nilikaa kitandani kama mgonjwa, na Bwana Gikonyo ndiye aliyetoa alama. Kila mwanafunzi aliingia peke yake. Kazi yake ilikuwa kuikagua ngozi yangu yote, kutoka utosini hadi kwenye nyayo, na kueleza alichokiona: kama ni upele, choa, lengelenge, ukurutu, au baka linalohitaji daktari siku hiyo hiyo.

Alpa, ambaye babake ana duka la vitambaa mjini, aliingia wa kwanza. Alinivua soksi, akainua mguu wangu wa kushoto hadi kwenye mwanga wa dirisha. Aliona doa chini ya kisigino, akalipima kwa rula na kusema kwamba ni jeusi upande mmoja na la kahawia upande wa pili, na kingo zake zimepinda. Akasema mtu mwenye doa kama hilo asirudi nyumbani kabla ya kumwona daktari. Hivyo ndivyo alivyopita. Sikumpitisha mimi.

Njoki alifuata. Alinisalimia kwa adabu kama mama yake mkubwa, tata huyu, tata yule, akanifunika miguu kwa blanketi ili nisipate baridi. Aliitazama mikono yangu, uso na mgongo, na hata kovu la chanjo hakulisahau. Alipofika miguuni aliniuliza, huku ameinamisha macho, kama nina shida yoyote huko chini. Nilimjibu kwamba sina. Akaniamini. Akamgeukia Bwana Gikonyo na kutangaza kwamba ngozi ya tata iko sawa kabisa, ni kavu kidogo tu, ajipake mafuta.

Bwana Gikonyo, ambaye ni mtu laini, alimwuliza mara mbili kama amemaliza. Akasema amemaliza. Hapo nikaondoa blanketi, nikavua soksi mwenyewe, nikauweka mguu juu ya meza mbele yake.

Alilia, Wakiuru. Alisema, "Tata, si umenidanganya? Nimekuuliza ukasema huna kitu!" Nilimwambia kwamba wagonjwa hudanganya kila siku, kwa aibu au kwa hofu, na ndiyo sababu muuguzi amepewa macho. Akasema ati angewezaje kumwamuru mkubwa wake avue nguo. Nilimjibu kwamba heshima ya namna hiyo huzika watu. Mlango ulikuwa wazi, na kijana mmoja aitwaye Griffins alikuwa akisubiri zamu yake. Alicheka, akanifanya bibi kizee, akasema, "Njoki, umeacha cucu na soksi! Hata fundi wa viatu angemvua!" Wote waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Sikuwanyamazisha.

Bwana Gikonyo alitaka kumpa alama za huruma, kwa kuwa sehemu nyingine alizifanya vizuri. Nilimwambia kwamba akifanya hivyo nitaandikia baraza la wauguzi. Hilo hukulijua, na sasa unalijua.

Katika simu ulisema pia kwamba nilijichora doa hilo kwa wino ili mtoto aanguke. Njoki anaamini vivyo hivyo, na nimemwacha aamini. Wakiuru, haukuwa wino. Nilikwenda hospitali siku iliyofuata. Daktari alikata kipande akakituma kupimwa, na majibu yamekuja: ni saratani ya ngozi. Nina mtoki, tezi iliyovimba, kwenye kinena upande huo huo, mgumu kama kokwa, wala hauumi. Nimefundisha maana yake kwa miaka mingi mno kuhitaji kuelezwa. Watanikata kisigino, lakini hawatauwahi ugonjwa.

Usije Nyeri kulia, na usimwambie Njoki neno. Bwana Gikonyo amekubali arudie mtihani wodini, na mgonjwa atakayepewa ni mimi. Nitakuwa nimelala, nimefungwa bendeji, na akiniuliza kama nina shida nitamjibu tena kwamba sina. Akiupapasa mtoki huo kisha akanyamaza kwa kunihurumia, ataanguka mara ya pili, na safari hiyo nitamwomba Bwana Gikonyo amfukuze. Akinitazama usoni na kuniambia kwamba ninakufa, amefaulu, na zahanati yenu itakuwa imepata muuguzi.

Msalimie Theuri. Nunua glavu mpya.

Ni mimi dada yako,
Wakonyo