Bakuli Alilolamba Mbwa

Dada yangu Mwanahamisi,

Mwanao Fatuma ameanza kushika ubavu wa kulia anapoinuka. Anasema ni gesi, anakunywa maji ya tangawizi na kuendelea kukaanga mahamri yake. Naishi naye nyumba moja hapa Mombasa, namwona kila asubuhi, na sijamwambia kitu. Ndiyo maana nakuandikia. Nakuonea haya hata ukiwa kaburini.

Unaukumbuka ule msitu nyuma ya pwani, tulipokikimbia kisiwa chetu cha Chula baada ya wenye bunduki kuchukua mashua na nyavu zetu? Wavuvi watupu, na ufukweni hatuwezi kusogea kwa sababu wamekaa wao. Nilichobaki nacho ni mshipi, nikautumia kutegea paa badala ya samaki. Wa kwanza aliponasa nilimchinja nikiringa kama mtu aliyevua papa. Ukacheka, ukasema, "Kasimu, huyo hana magamba, utampara wapi?" Sikukusikia ukicheka tena kwa muda mrefu.

Nilipompasua, mapafu na ini vilikuwa na vifuko vyeupe vya maji, vingine vikubwa kama yai la kuku. Nyama tuliipika mpaka ikalainika, hapo hatukukosea. Nilikosea kwenye matumbo. Kwetu ukipasua samaki unatupa matumbo majini, bahari inamaliza, nani anafikiria tena? Wewe uliniambia nichimbe shimo nifukie. Nikaona jua kali, ardhi ngumu, na yule mbwa mwekundu aliyetufuata kutoka kijiji kilichohamwa amekaa ananitazama. Nikamtupia. Kila paa niliyemnasa miezi ile yote, mbwa alipata vile vifuko vibichi. Alinenepa kuliko sisi.

Hukumtaka. "Sisi si wachu wa mbwa," ulisema kwa lahaja yetu, si watu wa mbwa, ukanikataza kumwacha asogelee vyombo. Lakini alibweka fisi walipokuja, na Fatuma, mtoto wa miaka minne aliyekuwa hasemi neno tangu tukimbie, alianza kusema na mbwa yule kabla ya kusema nasi. Ukamwacha akae.

Siku ile alipolamba bakuli letu la bati, lile lenye maua ya bluu, ulinituma kisimani nikalioshe. Mara saba, ulisema, moja kwa udongo. Kisima kilikuwa mbali na mimi nilikuwa nimechoka. Njiani nikalimwagia maji kidogo ya dumu, nikasugua kwa kiganja, nikakaa kivulini kidogo, nikarudi. Ukauliza, "Mara saba?" Nikajibu, "Saba, Dada." Ukanishukuru. Ukamlisha Fatuma humo, kisha ukala alichobakisha. Na haikuwa siku moja. Kila alipolamba, mimi nilisema saba.

Miaka ikapita, tukawa watu wa Mombasa, ubavu wako ukaanza kuuma. Daktari aliuliza kama tumewahi kuishi na mbwa. Wewe ulikuwa huwezi kusema kwa maumivu, akanigeukia mimi. Wodi imejaa jamaa wa Kismayu. Nikawaza watasema nini, nikajibu hapana, daktari, sisi ni Waislamu. Mimi, msemaji wa nyumba nzima, ndilo neno nililokuwa nalo! Wakakupa dawa za tumbo, tukahangaika nazo miezi. Picha ilipopigwa, ini lilikuwa na mfuko wa maji, nikautambua kabla hawajanieleza. Mfuko huo ulipasuka kabla ya siku ya upasuaji.

Baada ya maziko nilirudi kwa daktari nikamweleza habari ya mbwa. Alinieleza taratibu bila kunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Mbwa akila vifuko vile vibichi, minyoo hukua tumboni mwake. Mayai ya minyoo hiyo hayaonekani kwa macho, hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya na mdomo, huhamia mikononi na vyomboni. Mtu akiyameza, mfuko huota ndani yake polepole, kwa miaka. Mbwa hana kosa, alisema. Matumbo yachomwe au yafukiwe kwenye shimo refu, asiyafikie. Shimo, Dada. Ulisema shimo.

Sijui kama mara saba zingekuokoa, maana Fatuma alilala akimkumbatia mbwa yule. Ninachojua ni kwamba nilikudanganya, ukaniamini, ukala.

Pumzika, Dada. Mungu akupanulie kaburi lako, nawe unisamehe ukiweza, mimi bado sijaweza. Kesho, Fatuma akishaepua karai la mwisho, nitamkalisha nimwambie yote, kisha twende hospitali pamoja apigwe picha, nami nipigwe. Daktari akiuliza habari ya mbwa, nitajibu mbele ya wodi nzima. Na Fatuma akiniuliza lile bakuli niliosha mara ngapi, nitamjibu: mara moja tu.

Mdogo wako,
Kasimu