Ndala za Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Upepo. Wateja wachache. Nimepangusa jaketi za kuelea, nikapanga viatu rafuni. Kanuni ya bustani yetu ni moja: anayeingia ziwani anaacha viatu kwangu. Jioni viatu vikibaki, mtu kabaki majini.

Ila zile ndala za bluu, juu pembeni, tunazijua. Mwalimu wa kayaki alipopata kazi ng'ambo alizivua pale pale, akavaa viatu vyeusi vya safari, akacheka: ziache hapo, mimi bado niko majini. Mwaka sasa. Ya kushoto imelika kisigino upande wa nje, kwa ule mwendo wake wa kuegemea. Nazifuta vumbi. Ndiyo, nazifuta! Tangu mvua zianze hajapiga simu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Jana niliondoka mapema kumpeleka Mama kliniki. Wakati wa kufunga mlinzi mpya kaona ndala rafuni, kapiga king'ora. Kiboko, dereva wa boti ya uokoaji, kazunguka ziwa zima akiita kaka, kaka wee, mpaka sauti ikamkauka. Kisha dada wa tiketi akapigiwa simu, akasema mwenye ndala yuko ng'ambo anakula kuku kwa mrija.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaniita. Hakufoka — afadhali angefoka. Kasema rafu ni ya watu walioko majini. Mlinzi akizoea viatu vya asiyekuwepo, siku moja atapuuza vya mtu anayezama. Kweli tupu.

Kiboko naye: dada, mchumba wako nimemkosa, nadhani kaoa kambare. Wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikaenda kulia chooni.

Nimezileta ndala nyumbani. Mama kaziona. Mwanangu, kasema, asiyekuwapo na lake halipo. Lake lipo, Mama, hili hapa! Nimezisukuma uvunguni. Namtaka arudi. Basi, nimeliandika.

Jumapili, 9 Machi
Nyomi! Watoto, mabibi harusi wa kupiga picha, kila mtu anataka kayaki. Nimekula mchana mbio mbio, dada wa tiketi akanishikia zamu.

Sasa jioni. Wote wamechukua viatu vyao. Imebaki pea moja. Vyeusi, vimechakaa. Nimekigeuza cha kushoto — kisigino kimelika upande wa nje.

Nimemuuliza dada wa tiketi, nani? Hakumtazama vizuri, foleni ilikuwa ndefu. Mwanamume tu, kofia kaishusha hadi machoni. Kachukua jaketi mwenyewe bila kuuliza saizi. Kauliza pale juu pembeni mbona patupu.

Ukamjibu nini?

Eti kamwambia ukweli: mtunza viatu kazitoa ndala, kazipeleka anakojua.

Ee Mungu wangu. Anakojua! Atadhani nimezitupa, kumbe ziko uvunguni kwangu!

Kayaki moja iko kule mbali. Haipigwi kasia, imekaa tu. King'ora cha kufunga kimelia, aliyemo hageuki. Kiboko anawasha boti akamfuate. Nimemwambia aningoje. Kashangaa: wewe? Miaka yote hii hujawahi kulowesha hata kidole!

Sijui kuogelea. Nimevaa jaketi, mkanda umegoma, nimeufunga kwa fundo. Naandika nimesimama. Kiboko anapiga honi — dada, unakuja au unaandika?

Nakuja. Nimevua viatu vyangu. Nimeviweka juu, pembeni