Odowa Wakati wa Maombi

Mpendwa Atieno,

Habari ya huko Ujerumani? Sisi hapa Munyaka tuko salama, mahindi tumevuna, na babu yako bado anagombana na redio.

Umeniuliza, tena kwa aibu, kama ni ugonjwa mjamzito kutamani kula mawe. Cheka kwanza, mjukuu wangu.

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa nimekaa kwa ndoa muda mrefu bila mtoto. Hayo mengine tuyaache. Nikaanza kununua odowa sokoni, yale mawe laini ya udongo, nikidhani nimepata tabia mbaya tu. Jumapili moja, wakati wa maombi ya kimya, nikatia kipande mdomoni. Kikalia kru! Mama mkwe, aliyeketi kando yangu, akafungua macho. Nikajua nimeisha. Lakini akanishika mkono, akasema kwa sauti, "Asante Mungu!" Kina mama wote wakaitikia, "Amina!"

Mimi peke yangu sikuelewa, mpaka kesho yake aliponipeleka kliniki. Nesi alisema nina mimba, tena nimepungukiwa damu, akanipa dawa na kunikataza odowa. Wewe pia mwambie daktari wako, usione haya.

Mamako alitangazwa kanisani kabla mimi mwenyewe sijajua yupo.

Ni mimi dani, bibi yako, ninayekuombea, safari hii bila kutafuna.