Shavu la tatu

Oriane, uko? Usipige simu, andika tu. Gaëtan anajaza mafuta, namwona kwenye kioo.

Si aliniapia kwamba huku Drôme hajawahi kukanyaga? Tangu asubuhi tunazunguka kwenye mashamba ya lavenda, na kila kona mume wangu anashangaa kama mgeni.

Mchana tumekula kwenye shamba moja la mbuzi, jibini na nyanya, chini ya mzabibu. Mwenye shamba anaitwa Coralie, rika letu, mcheshi kupita kiasi. Tulipoondoka akaja kutuaga kwa kubusiana mashavuni.

Akaanza na Gaëtan. Shavu, shavu, shavu. Matatu, bila kusita.

Ikafika zamu yangu. Nikabusu mawili kama kwetu Lyon, nikajiondoa. Coralie akabaki kaniinamia, shavu lake liko hewani.

Akacheka. "Huku ni matatu, mwenzangu. Mumeo anajua."

Mumeo anajua. Anajua kutoka wapi, Oriane?

Garini nikamuuliza, "Wewe umejuaje kwamba ni matatu?"

"Acha hizo, mke wangu. Nimemfuata yeye tu."

Eti nimemfuata yeye tu. Halafu akaongeza sauti ya redio.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, karibu kuliko nilivyo na usukani huu. Kwa busu la tatu Coralie hakusogea hata kidogo.

Aliyetangulia kutoa shavu ni Gaëtan.

Anakuja. Nafuta hii.