Ruhusa ya Kuezua Paa Lako

Yaya Asumani,

Kaka yangu, ni mimi, mdogo wako Amisi. Kalamu haikunipenda, unajua, mwalimu alinitoa darasa la tano akisema nimejua vya kutosha. Wengine wanasema alinifukuza, waache. Ningekuja kukuambia kaburini kwako, lakini pale watu hawakosekani, na hapa Kindu muntu akisikia nusu ya neno, sokoni linafika zima na nusu. Kwa hiyo ninaandika.

Shemeji Mama Aziza yupo, lakini si kama ulivyomuacha. Ni ule ugonjwa wa sukari. Sasa ni sindano asubuhi na jioni, na dawa zenyewe zinataka ubaridi. Ubaridi, Yaya, hapa kwetu! Tunaziweka ndani ya mtungi mdogo, mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa. Mimi njo mwenye kuumwagia maji. Wakati wa joto kali mtungi ulishindwa. Dawa ikaharibika bila kubadilika rangi, naye akaendelea kujidunga kitu kisicho na nguvu. Nilimkuta ameanguka karibu na jiko, macho yamegeuka. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Watu wanasema nilipita pikipiki mbili, na ni kweli, moja ilikuwa mpya. Lakini nilikuwa ninalia, Yaya. Hawakuona kwa sababu ya jasho.

Basi Aziza wako, mwalimu kule Kisangani, akaniandikia kwenye simu: "Baba mudogo, ninamnunulia mama frigo na paneli za jua. Wewe unajua kila muntu Kindu. Unichagulie fundi wa kuaminika." Nikajibu kwamba ameuliza mwenyewe wa kuulizwa. Kisha nikakaa na simu mkononi. Watu ninawajua, ndiyo. Lakini muntu wa kupanda juu ya nyumba ya ndugu yangu, apitishe nyaya karibu na kitanda cha mjane wake, huyo nitamjulia wapi?

Wa kwanza alikuja Injinia Dieumerci. Shati jeupe, viatu vinameta, na tope lote hili la Kindu, sijui alipita wapi. Ngazi hakuomba. Alisimama uani, mkono kiunoni, akatazama juu: "Papa, hii paa, nani aliijenga? Hii ni kazi ya watu wa zamani!"

Yaya, akanipata hapo hapo. Nilimkalisha, nikaagiza chai, nikampa hadithi yote. Namna wakati wa vita askari walivyobeba bati zetu, wewe ukaenda stesheni ukabandua mbao za behewa lililokufa, ukapasua mapipa ya mafuta ukayalaza yakawa bati. Namna bombe lilivyoanguka juu ya paa hilo, likadunda kama mpira, likatumbukia Lualaba, na samaki wakaelea wamekwisha kuiva. Injinia alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Nikasema moyoni, fundi ni huyu.

Ila mimi si mtoto. Nikamwomba anipeleke kwenye nyumba aliyoifungia paneli, iliyokwisha kupigwa na mvua za kutosha. Akanizungusha nyumba tatu, zote za juzi, paneli bado na vikaratasi vya dukani, na wenye nyumba wakamsifu kwa maneno yale yale kama kwaya. "Na za zamani?" nikauliza. "Papa, za zamani hazina faida, teknolojia inaendelea." Nikamuaga bila kumpa hadithi ya pili. Mimi, Yaya, bila hadithi.

Wa pili ni mwanamke, na usicheke. Anaitwa Godé, mzaliwa wa Lokandu, anavaa suruali, mdomo wake ni panga. Salamu haijakauka, anataka ngazi. Nikamwambia angoje kwanza hadithi ya paa. "Utanielezea nikiwa juu, papa, masikio niko nayo." Basi nikasimulia kichwa kikiwa juu kama muntu anayeongea na ndege. Nilikuwa nimefika kwa samaki alipochomoa bisibisi, akaichoma kwenye boriti. Iliingia mpaka mpini. Akachoma boriti nyingine, ikaingia. Unga wa mchwa ukaniangukia machoni.

"Hapa sifungi kitu," akasema. "Mutoe paa kwanza."

"Mama, hii paa ilishinda bombe!"

"Bombe lilipita siku moja, papa. Paneli zinakaa, na upepo utazivuta kila mvua. Unataka zikamwangukie shemeji yako kitandani?"

Nilimfukuza. Nilimwambia aende akafunge paneli kwenye mabanda ya kuku. Akajibu kwamba mabanda ya kuku ya Lokandu yana mbao nzuri kuliko hii, akaenda zake.

Lakini bisibisi ile haikutoka kichwani. Nikapanda mtumbwi, nikavuka ng'ambo bila kumwambia yeyote, nikatafuta muntu ambaye Godé alimfungia paneli zamani. Nikampata mzee mmoja mwenye duka la vinywaji. Nikamuuliza juu yake. Mzee akashika kichwa: "Yule mwanamke anachosha! Nilitaka televisheni ya pili, akakataa, eti batri itakufa. Mvua zikianza anakuja bila kuitwa, anapanda, anakaza skrubu zake, anatukana namna ninavyotunza batri, anakunywa maji yangu, anakwenda. Miaka yote hii hajaniacha nipumzike!" Nyuma yake frigo ilikuwa inanguruma, na soda aliyonipa iliniuma meno. Huyo mzee alikuwa analalamika, Yaya, na mimi nilikuwa ninasikia sifa.

Jumapili ukoo wote tukaketi uani kwako. Wote wanamtaka Injinia, kwa sababu hagusi paa la Asumani. Nikasimama nikasema paa la Asumani limeoza. Walicheka! Binamu yetu Salumu akapiga makofi: "Ee Amisi, bombe leo limegeuka mchwa?" Wakaanza kunihesabia hadithi zangu, yule mamba niliyemfunga kwa mshipi, yule nyoka wa Kampene. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninasema kitu bila kukiongezea chochote, na hakuna aliyekipokea.

Nikaegemeza ngazi. Nikapanda, mwili huu, magoti haya. Nikashika ncha ya boriti yako kwa mkono mtupu, nikaivuta, ikatoka. Nikashuka nikaiweka mbele ya Mama Aziza kwenye mkeka. Alipoishika ikavunjika kama muhogo uliokauka. Kicheko kikaisha.

Alikaa akiisuguasugua katikati ya vidole. Kisha akasema, "Asumani aliniambia, hii ni paa ya kutuvusha vita. Vita ikiisha atanijengea ya kweli."

Hilo sikulijua, Yaya. Mimi hukuniambia. Nimezunguka Kindu nzima nikilitangaza kama paa la milele, kumbe wewe ulilijengea mvua chache tu.

Halafu akaniangalia usoni. "Na vita imeisha, Amisi?"

Unajua mashariki inawaka tena. Mizigo inachelewa, watu wanafika na magodoro kichwani, na asubuhi muntu anafungua redio kwanza ndipo anawasha moto.

Akapangusa unga wa mbao kwenye kitenge chake, mwenyewe. "Muite yule mwanamke. Dawa yangu haiwezi kungoja vita."

Godé alinifanya niombe radhi mara mbili, ya pili mbele ya wateja wake. Sasa mbao mpya zimelala uani, tumezipaka oili chafu ya gari mchwa wasizikaribie. Shemeji amehamia kwangu kwa siku hizi. Jumamosi tunaezua. Na mawingu yameanza kukusanyika, Yaya. Mchana ninawaambia watu sina wasiwasi, paa mimi ninaweza kulipandisha peke yangu kwa mkono mmoja. Kwako siwezi kusema hivyo. Ninaogopa lile bati la mwisho likishuka, mbingu iingie mpaka chumbani kwenu, na wewe hupo kuniambia shika hapa, acha pale.

Unipe ruhusa. Ninakuahidi Godé atapanda kila mvua zikianza, hata akinitukana mbele ya wajukuu. Jamaa wamekwisha kuniuliza habari ya bia baridi. Nimewaambia hakuna chupa itakayoingia frigo ile kabla ya dawa ya shemeji, na mwenye kubisha atanikuta mlangoni.

Pumzika salama, Yaya. Jumamosi ukiona nyumba iko wazi, usifikiri tumekimbia. Tupo. Ni ile paa uliyomuahidi mke wako, tunaijenga.

Mdogo wako,
Amisi