Viwavi Hawakuamka, Wifi

Wifi yangu,

Hawakuamka! Ungekuwepo ningekupigia kelele hizi sikioni, lakini tumekulaza kwenu kaskazini, nami nimebaki na kalamu. Wale viwavi wa kabichi zetu za Bwaise, waliokwisha kuzoea kila dawa, wamekufa, na safari hii wamekufa kweli.

Ulipofariki, kaka yako alinikalisha chini. "Hii kabichi ikikuliwa tena, watoto ya dada napeleka kwa wazee, kila moja na nyumba yake." Mshahara wake wa polisi hautoshi kuwalea bila kabichi, sikumlaumu. Lakini nililia, wifi. Wanao hawajawahi kulala nyumba tofauti.

Wewe uliyefuga viwavi kule maabara ya kilimo kama wenzako wanavyofuga kuku, uliniambia dawa yao ni simsim, huo ufuta wa kwenu. Mimi na kiherehere changu nikanyunyiza mafuta ya simsim peke yake! Viwavi waling'aa tu, wakaendelea kula. Ungecheka mpaka ukae chini. Nikajaribu pareto, yale maua ya kwetu Kenya ya kuulia wadudu, nayo peke yake. Wakaanguka wote, nikafurahi, asubuhi nikawakuta wameamka na wanakula palepale walipoachia.

Ndipo nikaikumbuka siku ile ya kizuizi cha barabarani, tulipotoka kwetu na kifurushi cha pareto, ukaninong'oneza: "Wewe pitisha mzigo, mimi nashika askari na maneno." Ukawachekesha wanajeshi kwa lugha ya kwenu, nikapita bila kuulizwa. Tulipofika nyumbani ukasema hiyo ndiyo kazi ya simsim: haiui hata nzi, ila ndani ya kiwavi sugu kuna askari wanaoivunja dawa, na mafuta yanawashika hao mpaka dawa ipite. Mimi bado nilikuwa nawawaza wale wanajeshi, nusu ya maneno sikuyasikia.

Basi nikachanganya vyote viwili, na sabuni kidogo ili mafuta yakubaliane na maji. Tuta moja nikalinyunyizia pareto tupu, kwa kulinganisha, maana ungenisuta. Asubuhi nilitoka bila viatu. Kwenye tuta lile wanatafuna bila wasiwasi. Kwenye mengine, wifi, wamelala chini ya majani, nawagusa kwa kijiti, hakuna hata mmoja anayejikunja! Nikapiga vigelegele, majirani wakadhani naoza binti.

Sasa kabichi zimefunga, ngumu, nzito. Kaka yako anawaonyesha wageni akisema, "Kabichi yangu hii." Mwache tu.

Nguo za watoto alikuwa ameshazifunga, kila mmoja na furushi lake. Jana amezifungua mwenyewe, akazirudisha zote kwenye sanduku moja. Nilienda jikoni nikalia tena, lakini kilio kingine hiki.

Pumzika, mama watoto. Nakuahidi watalala chumba kimoja na kugombania shuka moja, mpaka wakue wanikimbie wenyewe.

Wifi yako wa Bwaise